Gari Likianguka, Gadi Hushuka

Sauti yenyewe ni ndogo. Mgeni akiisikia atadhani kijiko kimeanguka jikoni. Magurudumu yanafika kwenye kona, yanalalamika kidogo, halafu tak, injini inalala ubavu kando ya reli na kuendelea kunguruma, kama mlevi anayebishana akiwa tayari yuko chini. Mimi nikiisikia huacha cherehani katikati ya mshono. Nimeharibu sketi za shule si haba kwa njia hiyo, na wazazi wa Kianjokoma hawasamehi mshono uliopinda.

Baba alipokuwa akiisikia, aliinuka.

Hilo ndilo lililoniweka roho juu mchana kutwa, msimu baada ya msimu. Treni haikuniogopesha. Ilikuwa ya kuchezea, injini yake ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, na mabehewa manne nyuma yake. Niliogopa alichofanya Baba ilipoanguka. Alichukua kitambaa chekundu, akatoka nje, akateremka hadi barabara ya lami kusimamisha magari.

Baba alikuwa gadi wa reli. Watoto wa siku hizi hawajui gadi ni nani, na huku kwetu hata wa siku zile hawakujua, maana Embu haina reli, Meru haina, na mtu wa huku akitaka kuiona sharti ateremke hadi Sagana. Gadi hukaa behewa la mwisho. Dereva ndiye anayeendesha, lakini bila bendera ya gadi gari halitoki stesheni. Na gari likianguka, au likisimama mahali pasipo stesheni, gadi hushuka. Hanyanyui chochote, hamwulizi mtu kama ameumia. Anachukua bendera nyekundu na fataki za kutega juu ya reli, zinazolia gurudumu likizikanyaga, anarudi nyuma kwa miguu, mbali, ili gari lingine linalokuja lisije likalivaa lile lililosimama. Wenyewe huita kulinda nyuma.

Mama, Mungu amlaze pema, alituambia kwamba Baba alilinda nyuma mara moja tu katika kazi yake yote, huko kwenye ukame upande wa Makindu, na gari la abiria lililokuwa likija likasimama. Abiria walikuwa wamelala. Walifika Mombasa wakanywa chai yao bila kujua lolote. Baba mwenyewe hakuwahi kutusimulia. Alikuwa mtu wa kusema "kazi ni kazi" na kugeukia gazeti.

Mama alipofariki niliacha kibanda changu cha ushonaji sokoni, nikahamishia cherehani sebuleni kwa Baba. Wakati huo alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau vitu vidogo, akawa anaweka miwani ndani ya kopo la sukari. Baadaye akaanza kuitafuta stesheni. Alivaa koti, akapiga viatu rangi, akaondoka. Tulimpata Runyenjes, tukampata kwenye shamba la kahawa la watu, na mara moja alipatikana karibu na msitu akiwa amelowa chapachapa, akimwuliza mchungaji wa ng'ombe gari la kwenda chini linapita saa ngapi. Daktari wa Embu mjini alisema maradhi hayo hayana dawa, ila mzee apewe kitu cha kumtuliza.

Kaka yangu ndiye aliyekipata kitu hicho. Yeye anakaa Meru, amepanga chumba Majengo karibu na msikiti, na anatengeneza redio na simu katikati ya wauza nyama. Siku moja mfanyabiashara wa mitumba alifungua mzigo wa vitu vya watoto, na ndani yake mlikuwa na reli, mabehewa na injini ya buluu ambayo mtoto fulani wa Ulaya alikuwa ameichoka. Kaka aliifufua, akaifunga kwenye katoni, akaja nayo mwenyewe. Tukaipanga reli juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Ilizunguka meza, na upande mmoja ilikuwa na pointi, yaani mahali reli inapogawanyika, ili gari liweze kuingia kwenye njia ya pembeni na kusimama stesheni. Stesheni ilikuwa kopo la kakao.

Injini ilipoanza kutembea, Baba alivua kofia. Akavuta kiti, akakaa, akaiangalia ikizunguka mara nyingi, midomo ikitikisika kidogo kama mtu anayesali. Kisha akaniambia, "Mama, gari iko sawa." Mimi nina jina la mama yake, kwa desturi yetu, kwa hiyo tangu nizaliwe huniita Mama. Nilienda jikoni nikalia kwa furaha, nikachemsha chai.

Furaha ya maskini haikawii kuchacha. Asubuhi ya pili nilikuwa nyuma ya nyumba nikiwawekea kuku maji, nikasikia simu. Alikuwa mwanamke mwenye kibanda cha mboga ng'ambo ya barabara, kule chini kwenye kona.

"Auntie, mzee yuko hapa kwa lami," alisema. "Anasimamisha magari. Na sijui kama unajua ameshika nini."

Nilikimbia. Nilimkuta Baba katikati ya barabara, mgongo umenyooka, koti limefungwa vifungo vyote, mkono umeinuliwa. Alichoshika ni sketi yangu ya ndani, nyekundu, aliyoianua kwenye kamba. Bodaboda tatu zilikuwa zimesimama mbele yake, vijana wamejaa adabu na wanakufa kwa kicheko. Juu ya lami alikuwa amepanga vifuniko vya soda kwa mstari. Hizo zilikuwa fataki zake.

"Baba, twende nyumbani."

"Gari imeanguka," alisema bila kunitazama. "Mimi nalinda nyuma."

Aibu niliyoipata siku hiyo niliimaliza upesi. Hofu ndiyo iliyobaki. Bodaboda husimama, na magari madogo husimama. Lakini barabara yetu ni ya malori ya majani chai, yanayotoka kukusanya huko juu na kuteremka kiwandani yakiwa yamejaa, na kona iliyo chini ya boma letu imebana. Dereva haoni kilicho mbele mpaka awe ameshafika. Baba alikuwa anakwenda kusimama hapohapo, kwa sababu gadi hodari husimama mahali ambapo anayekuja hawezi kuona gari lililoanguka.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukuitupa hiyo treni? Niliificha. Nikaiweka chini ya kitanda changu, na kabla ya chakula cha mchana Baba alikuwa ameshavaa viatu akielekea msituni kutafuta stesheni. Nikaitoa. Mtu ataniuliza, kwa nini hukufunga mlango? Nilifunga. Injini ikaanguka, akaja mlangoni, akaukuta umefungwa, akanitazama nikiwa nimeshika ufunguo. Sijawahi kutazamwa hivyo na mzazi wangu.

"Unataka watu wafe?" aliniuliza.

Alianza kuupiga mlango kwa bega, mzee wa mifupa mitupu, na mimi nikafungua. Nilimfuata hadi barabarani, nikasimama kando yake kwenye ukungu mpaka alipochoka. Nilikuwa na hasira naye, na Kaka, na mtoto wa Ulaya, na Mama kwa kufa kwanza. Jioni nilichukua vitambaa vya fulana za michezo vilivyobaki, nikamshonea bendera nyekundu ya kweli, yenye pindo na mahali pa kupitishia fimbo. Kama ni kuonekana na watu, heri aonekane na bendera kuliko na nguo zangu za ndani.

Ikabaki njia moja. Treni isianguke.

Nilimpigia Kaka simu, nikamwambia aje aone. Alikuja na kibegi chake cha bisibisi, akalala kifudifudi juu ya meza kama fundi wa gari aliyegeuzwa, jicho moja likiwa sawa na reli.

"Sista, hii injini ni ndefu," alisema. "Iko na magurudumu sita mbele na sita nyuma. Ikifika kwa kona ya kubana hivi, ya mbele inataka kuenda huku, ya nyuma inataka kuenda kule. Haiwezi kujikunja. Na wewe umeweka pointi hapo tu kona inaisha. Injini bado haijanyooka, unaiambia ichague njia."

"Mimi niliweka? Si ni wewe uliweka?"

"Basi tuliweka," akasema. Kaka yangu hajawahi kukosea peke yake.

Alikuwa amebeba dawa. Alitoa kwenye kibegi injini nyingine, fupi nene, ya magurudumu manne tu, akaitia relini ikazunguka kwenye kona ile bila kulalamika hata kidogo. Nilitaka kumbusu. Baba aliiangalia ikipita mara moja, mara mbili, akanyoosha mkono akaiondoa, akaiweka mezani mbali na reli.

"Hii ni ya yadi," alisema. "Inasukuma mabehewa. Haiendi safari."

Basi hiyo ikaisha. Nikajaribu ujanja wangu mwenyewe, nikaifunga pointi kwa gundi ili treni izunguke tu bila kuingia stesheni. Ilizunguka asubuhi nzima. Baba akaanza kufinyafinya vidole. Akauliza mbona gari halisimami, watu watashuka wapi, kuna kina mama wana watoto mle. Mwishowe akaanza kutafuta viatu vyake. Nilibandua gundi ile kwa kisu.

Ilibidi kona ipanuliwe, na kona haiwezi kupanuka kama meza haipanuki, na meza haiwezi kupanuka sebuleni kwa Mama kwa sababu ya makochi. Yale makochi Mama aliyanunua kwa majani chai ya misimu mingi, akayashonea vitambaa vya maua vya kuwekea kichwa, na alipoumwa alitaka alale hapo, si chumbani. Niliyazungukia siku nzima. Nilijua nikiyatoa, mama zangu wote wadogo watasema nimeanza kula nyumba ya marehemu. Lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Tuliyatoa, Kaka na mimi, tukayapanga ghalani na kuyafunika kwa maturubai. Tukaunganisha mbao mbili pana na ile meza yangu, na reli ikapata kona kubwa, ya kistaarabu. Pointi tukaisogeza mbali, mahali injini inafika ikiwa imeshanyooka.

Ilianguka mara chache zaidi. Sitasema haikuanguka. Ukipanda mlima huu wetu unajifunza kwamba hakuna kitu kinachobaki kama ulivyokiacha. Ulipoingia ule mwezi wa baridi, ukungu ukashuka kutoka msituni ukakaa kwetu kama mgeni asiyejua kuaga, mbao zikanyonya unyevu, zikafura. Mahali mbao mbili zilipokutana reli moja ilikuwa imeinuka, kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Nilijifunza kupitisha kidole juu ya reli kila asubuhi kabla Baba hajaamka, kama mtu anayekagua mshono kwa upande wa ndani. Kisha zikaja nyuzi. Ninashona katika chumba hichohicho, na nyuzi za sweta zilikuwa zikiruka hewani na kujizungusha kwenye ekseli hadi gurudumu likawa limefungwa kama kidonda. Nilizitoa kwa sindano. Nikapaka mafuta ya cherehani, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo na nikajiona mwerevu, na injini ikaanza kuteleza kwenye reli zilizolowa mafuta, ikafika kwenye pointi bila nguvu, ikasimama. Na gari likisimama pasipo stesheni, mnakumbuka gadi hufanya nini.

Hata stima ilikuwa adui. Huku kwetu upepo ukipiga chafya, stima hupotea. Taa ikizimika wengine walisema "ah", mimi nilikuwa tayari nimeshafika mlangoni. Kaka alileta betri ya pikipiki, treni ikawa haitegemei tena waya wa serikali, na hapo angalau niliweza kupumua mvua iliponyesha.

Wanawake wa jumuiya walikuja kusali nyumbani. Waliketi kwenye viti vya plastiki vya kuazima kuizunguka ile meza kubwa, macho yakitafuta makochi, hakuna aliyethubutu kuuliza. Katikati ya sala, tak. Baba akainuka, akatungua bendera msumarini. Mwenyekiti wao alidhani Roho amemgusa, akapaza sauti, "Asante Bwana." Nilimwacha ashukuru, nikapita nyuma yake mbio.

Siku ya lori ilikuja nikiwa nimeanza kulegea. Treni ilikuwa imetembea vizuri kwa muda, nami nikaenda chooni, jambo ambalo binadamu anaruhusiwa. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu na injini imelala kwenye pointi. Nilipita lango nikiwa na kandambili moja. Kabla sijafika chini nikasikia breki. Sijui kuieleza sauti ile. Nilisimama nyuma ya ua wa mahindi nikiomba, na sala yangu haikuwa na maneno zaidi ya "bado, bado."

Alikuwa mzima. Lori lilikuwa limesimama mbele yake karibu kiasi kwamba bendera ingeweza kufuta taa zake. Dereva alikuwa ameteremka, mtu mnene mwenye sweta la kufuma, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mzee, shida ni gani?" alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini.

"Gari imeanguka huko mbele. Njia imefungwa."

Dereva akatazama mbele, kisha akanitazama mimi nikija.

"Ni babangu," nilisema. "Alikuwa gadi wa treni. Pole sana. Nisamehe."

"Madam, mchunge huyu mzee," alisema. "Hii gari ikiwa na mzigo haisimami vile wewe unafikiria. Leo ni Mungu."

Alipanda. Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele ya gurudumu, nimeshikwa na ubaridi, basi akapiga honi niondoke. Ilikuwa honi moja, ndefu, ya hasira. Na Baba, ambaye hakuna maneno yaliyowahi kumwondoa barabarani, akakunja bendera yake. Akainama, akaokota vifuniko vya soda kimoja baada ya kingine, akavitia mfukoni, akaanza kupanda kwenda nyumbani.

Nilimfuata bila kuelewa. "Baba, tunarudi?"

"Dereva ameita," alisema. "Gari iko tayari."

Ndivyo nilivyojua kwamba gadi anayo njia ya kuitwa. Watu wa reli wakishanyanyua gari, dereva hupiga honi ndefu ili gadi aliyeko mbali asikie arudi. Lakini tulipoingia sebuleni injini ilikuwa bado imelala pale nilipoiacha. Baba aliiangalia. Akaniangalia mimi. "Nani ameita, na gari bado iko chini?" Akageuka kuichukua tena bendera. Nilijitupa mezani, nikaisimamisha ile injini kwa vidole visivyo na adabu, na alipoiona ikitembea ndipo akakaa. Siku hiyo sikushona tena. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake nikishika kifundo chake kimoja, kama mtu anayemzuia mbuzi.

Baada ya hapo nilinunua filimbi, ile ya mwalimu wa michezo, nikaivaa shingoni. Sheria yetu ikawa hivi: injini ikianguka, Baba anashuka, na mimi simfuati. Mimi nabaki na injini. Nikimaliza kuirudisha relini, napuliza filimbi ndefu, naye anarudi. Nikimwita kabla sijamaliza, hataniamini tena.

Sijui kama kuna mtu mwingine Embu nzima aliyewahi kufanya kazi kama ile. Injini ina magurudumu kumi na mawili. Ukiyakalisha ya mbele, ya nyuma yanatoka. Kwenye kona hayakai kabisa, lazima uibebe hadi pale reli ilipo nyoofu, uiweke kama unavyolaza mtoto aliyesinzia, uitikise taratibu mpaka uisikie imekaa. Na dirisha liko palepale mbele yako. Namwona Baba anapita mwavokado. Kidole kinateleza. Namwona anafungua lango, analifunga nyuma yake, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu. Gurudumu moja bado liko nje. Mahindi yanamficha. Sasa simwoni, nasikia tu, na kila mngurumo wa injini kutoka juu ya mlima nauhesabu kuwa ni lori la chai. Nilijifunza kutolia wakati huo, kwa sababu machozi yanazuia kuona reli. Halafu inakaa, inatembea, natoka uani napuliza mpaka masikio yananiuma, na nasimama nikitazama mwisho wa mahindi hadi kofia yake itokee.

Ilitokea kila mara. Watu wa kona ile walizoea. Mwenye kibanda cha mboga alikuwa akimpelekea kikombe cha uji hapohapo barabarani. Yule dereva mnene aliambia wenzake, na malori yakaanza kupunguza mwendo kabla ya kona yetu, hata siku ambazo hapakuwa na mtu. Akimkuta Baba, yeye alisimama, akasubiri, na wakati mwingine akipiga honi yake ndefu nami nikiwa nimeshamaliza kazi yangu, tukawa tumemwita pamoja. Lakini mimi hofu haikunitoka. Kila usiku nilimwomba Mungu jambo moja tu, na niliomba kwa maneno hayahaya: siku moja gari lianguke na Baba asiinuke.

Mwaka huu, ukungu uliporudi, mbao zilifura tena. Nilikuwa nakata kola za shati. Baba alikuwa kitini na kikombe chake cha chai, amefunikwa blanketi magotini. Nikaisikia: magurudumu yakalalamika, tak, mngurumo wa kulala.

Sijawahi kuwa mwepesi kama siku hiyo. Niliinyanyua injini, nikaibeba hadi reli nyoofu, nikaikalisha mbele na nyuma kwa jaribio la kwanza, ikaondoka. Nilikuwa nimeshaweka filimbi mdomoni na kugeukia mlango, ndipo nilipomwona. Alikuwa bado kitini. Alikuwa anatazama mvuke wa chai.

"Baba," nilisema. "Gari lilianguka."

Alinitazama kwa heshima, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na jambo lisilomhusu.

"Gari gani, Mama?"

Nikamwonyesha. Treni ilikuwa inapita mbele yake, injini na mabehewa yote manne, ikaingia stesheni ikasimama kwenye kopo la kakao. Aliiangalia kwa muda. Akatabasamu.

"Ni nzuri," alisema. "Ni ya mtoto wa nani?"

Nilimwambia ni ya nyumbani. Nikamfunika blanketi vizuri, nikamwongezea chai. Mikono yangu ilifanya hayo yote yenyewe. Nilikuwa nimepewa nilichoomba, neno kwa neno, na ningemrudishia Mungu siku hiyohiyo na kumpa makochi juu yake. Ningekubali kukimbia na kandambili moja kila siku ya maisha yangu. Yule mtu aliyeshuka behewani gizani upande wa Makindu ili wengine waendelee kulala, alikuwa ameondoka hapo sebuleni nikiwa nimempa mgongo, nikihangaika na magurudumu.

Bendera ilikuwa msumarini. Niliitungua. Nilipita mwavokado, nikafungua lango, nikalifunga nyuma yangu. Nilisimama kwenye kona, mahali pake, mgongo umenyooka. Mwenye kibanda cha mboga aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, akaniona, akaketi tena.

Lori lilikuja polepole kutoka kwenye ukungu, taa zimewashwa. Yule dereva mnene alisimama. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kuelekea langoni kwetu, akangoja kidogo. Nilibaki nimeinua bendera. Kisha akapiga honi moja, ndefu.

Nikakunja bendera, nikarudi nyumbani.